Rili ya Besi: Kabla ya Kuhesabu Beringi, Kagua Kigurudumu cha Mshipi

Malalamiko ya wasomaji kuhusu rili za spini kwa uvuvi wa samaki aina ya besi yanafanana sana. Rili ni mpya, mshipi ni mzuri, na baada ya wiki chache mshipi unaanza kutoka kwenye spuli (kigogo unapokunjwa mshipi) ukiwa na vitanzi. Unajifunga mafundo kabla ya kufika pete ya kwanza ya fimbo, na mvuvi anaishia kukata mita kadhaa na kuzitupa. Wengi hulaumu mshipi, wakanunua wa bei kubwa zaidi, na tatizo likarudi. Mara nyingi mkosaji ni kipande kisichozidi punje ya hindi: kigurudumu kilicho mwishoni mwa waya wa kufungulia, pale mshipi unapokata kona kabla ya kulala kwenye spuli.

Mwongozo huu unahusu rili ya spini, ile inayoning'inia chini ya fimbo, kwa ajili ya besi wa maji baridi. Rangi naiacha, idadi ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi naiacha, na nguvu ya juu ya breki naiacha kwa sababu haina maana hapa. Besi wakubwa kuliko wote katika rekodi za dunia, yule wa George Perry aliyevuliwa Georgia mwaka 1932 na yule wa Manabu Kurita wa ziwa Biwa mwaka 2009, walikuwa na kilo 10 na kidogo tu. Ukiwa na mshipi wa mbele (kipande kinachoungwa upande wa ndoana) wa nguvu ya paundi 8, breki unayoifunga ni robo hadi theluthi ya nguvu hiyo, yaani kilo 0.9 hadi 1.2. Breki ya kilo 9 haikusaidii chochote. Breki unayoitaka ni ile inayoanza kuachia mshipi taratibu bila kushtuka samaki anapokurupuka.

Kwa nini kigurudumu

Kwenye rili ya spini, spuli imesimama na rota, sehemu inayozunguka kando yake, ndiyo inayoizungushia mshipi. Mshipi unatoka kwenye fimbo, unapinda kwenye kigurudumu karibu nyuzi 90, kisha unalala. Kigurudumu kikizunguka vizuri, mshipi unapita bila kusuguliwa. Kikigoma, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Kwanza, mshipi unaburuzwa juu ya chuma kilichosimama. Nailoni na fluorokaboni (mishipi ya uzi mmoja mzima) huchubuka, na mshipi wa kusukwa huchimba mfereji mwembamba kwenye chuma chenyewe kadiri muda unavyokwenda. Pili, mshipi unabingirika kwa ubavu juu ya chuma hicho, na kila unapobingirika unajisokota. Msokoto huo hauonekani mshipi ukiwa umekazwa. Hujitokeza mshipi unapolegea, yaani pale pale chambo kinapotua majini.

Uvuvi wa besi unaifichua kasoro hii kuliko uvuvi mwingi mwingine. Ukirudisha chambo kizito kinachovuta maji, mvuto wenyewe unatosha kulazimisha hata kigurudumu kigumu kizunguke. Lakini rili ya spini kwa besi hutumika hasa kwa mitindo myepesi: mnyoo wa plastiki usio na chubwi, ndoana ikiwa imepitishwa katikati ya mwili wake, au chubwi ya gramu 5 hadi 7 chini kabisa na ndoana sentimita 20 hadi 40 juu yake. Hapo mshipi unarudi ukiwa hauna mvuto wowote wa maana. Isitoshe, mnyoo ulioshikwa katikati huzunguka kama pangaboi ukiurudisha kwa kasi, na hivyo kuongeza msokoto wake juu ya ule wa rili. Rili inayofanya kazi safi kwa chambo cha gramu 20 inaweza kukuharibia siku nzima kwa mnyoo wa gramu 8.

Jaribio la dukani

Muuzaji atakupa rili uzungushe mkono wake ikiwa tupu, na karibu kila rili mpya huwa laini ikizungushwa hivyo. Usikubali kuishia hapo. Nenda na kipande cha mshipi mwembamba, paundi 4 au 6, urefu wa nusu mita, kikiwa na chubwi ya gramu 5 mwisho mmoja. Tia nukta ya kalamu ukingoni mwa kigurudumu. Shikilia rota isizunguke, pitisha kipande chako juu ya kigurudumu, acha chubwi ining'inie, kisha vuta mwisho wa pili polepole kwa pembe ya nyuzi 90. Nukta inatakiwa itembee pamoja na mshipi tangu mwanzo. Ikisimama, au ikiruka na kukwama, kigurudumu hicho hakifai kwa mitindo myepesi. Rudia mshipi ukiwa umeloweshwa, kwa sababu mshipi mkavu hukishika kigurudumu zaidi na unaweza kukudanganya.

Halafu tazama upenyo kati ya kigurudumu na mkono unaokishikilia. Mshipi wa kusukwa wa paundi 10 ni mwembamba kiasi cha kuteleza ukaingia humo, na ukishaingia unakatika. Kigurudumu kikichezacheza pembeni hata kidogo, rudisha rili hiyo kabatini.

Nafasi ya kwanza: Shimano Stradic, saizi 2500 au C3000

Nasema wazi kwamba ninaipendelea. Stradic FL iliyotoka mwaka 2019 ina beringi 6 na moja ya kuzuia mkono wa rili usirudi nyuma, idadi ambayo rili za bei ya chini huizidi kwa mbali kwenye maandishi ya boksi. Tofauti ni kwamba moja ya hizo 6 imekaa ndani ya kigurudumu, mahali inapohitajika. Sababu yangu ya pili ni matengenezo. Shimano hutoa michoro ya vipande vyote pamoja na namba zake, kwa hiyo kigurudumu kikichoka unaweza kuagiza kipande hicho hicho badala ya kukisia.

Kuhusu saizi, C3000 ina mwili ule ule wa 2500, ila spuli yake inabeba mshipi mwingi zaidi. Kwa besi zote mbili zinatosha. Usichukue 4000 kwa kuogopa samaki mkubwa. Mkono utachoka bure. Herufi HG zinamaanisha giya ya kasi, takriban 6 kwa 1 (rota mara 6 kwa kila mzunguko wa mkono wa rili), na kwa besi ndiyo bora, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ni kukusanya haraka mshipi uliolegea kabla ya kunasa samaki.

Nafasi ya pili: Daiwa za kundi la LT, saizi 2500

Ni rili nyepesi na zenye breki nzuri. Tahadhari ya kwanza: mfumo wa LT (Light Tough, yaani nyepesi na imara) ulipoingia mwaka 2018 saizi zilibadilika, kwa hiyo 2500 ya sasa ina mwili mdogo kuliko 2500 ya zamani. Anayebadilisha rili kuukuu kwa kufuata namba pekee anaweza kushangaa. Tahadhari ya pili inahusu Magseal, mfumo wa Daiwa wa kuzuia maji kwa mafuta maalumu yanayoshikiliwa na sumaku. Baadhi ya modeli zina mfumo huo hadi ndani ya kigurudumu. Sehemu hiyo haitiwi oili ya kawaida kamwe, maana inaharibu mafuta yale ya sumaku, na kuifungua si kazi ya nyumbani. Kwa mvuvi anayependa kutengeneza vyombo vyake mwenyewe, hiyo ndiyo sababu ya kuishusha hadi nafasi ya pili. Chagua modeli ambayo kigurudumu chake kina beringi ya kawaida, na tofauti yake na Stradic inakuwa ndogo sana.

Nafasi ya tatu: Shimano Nasci, Sedona na Pflueger President

Hizi zinafaa, kwa sharti la jaribio la nukta. Ukikuta kigurudumu kinakaa juu ya bushi ya plastiki (pete isiyo na gololi), uliza kama beringi yenye vipimo vile vile inaingia. Vipimo vinavyokutwa mara nyingi ni milimita 4 kwa 7 kwa 2.5, lakini pima bushi yako kabla ya kuagiza. Chukua beringi yenye vifuniko vya chuma. Vifuniko vya mpira huzuia uchafu vizuri zaidi lakini vina msuguano, na kwa chambo chepesi msuguano huo ndio unaoukimbia.

Rili za bei ya chini kabisa zenye maandishi ya beringi 12 au 13: kigurudumu chake kwa kawaida hukaa kwenye plastiki iliyojaa grisi nzito. Mtoto anaweza kujifunzia. Kwa besi, weka akiba usubiri.

Na beitikasta?

Beitikasta, rili inayokaa juu ya fimbo, haina kigurudumu hiki kabisa, maana spuli yenyewe ndiyo inayozunguka na mshipi unaingia moja kwa moja bila kukata kona. Ukivua ndani ya majani mazito kwa chura wa plastiki, au kwa jigi (ndoana yenye kizito) ya gramu 10 na kuendelea, ndiyo ya kununua: mshipi wa kusukwa wa paundi 50, fimbo ngumu ya mita 2.2. Lakini chini ya gramu 7 beitikasta ya kawaida inakuwa mateso, spuli inakimbia kuliko chambo na mshipi unatatizika wote. Kwa rili ya spini, fimbo ya mita 2.1 yenye ugumu wa kati na ncha inayopinda haraka inatosha mitindo yote niliyoitaja.

Wauzaji

Idadi ya beringi imekuwa lugha ya kuuzia, na inawaumiza wanunuzi. Boksi linaandika 13 bila kusema ziko wapi. Kiwanda kinaweza kuongeza beringi kwenye kishikio cha mkono, ambako inaongeza namba na haiongezi kitu kingine, huku kigurudumu kikiachwa na bushi. Muuzaji ukimuuliza kigurudumu kina nini ndani anajibu kwa kurudia namba ya boksi. Mbaya zaidi ni bei ya spuli ya ziada. Spuli ni kipande cha alumini, na mvuvi wa besi anaihitaji kwa haki kabisa, moja ya mshipi wa kusukwa na nyingine ya fluorokaboni; lakini mara nyingi inauzwa kwa bei inayokaribia rili nyingine ya daraja la chini. Uliza bei hiyo kabla hujalipia rili, si baada.

Usikubali pia kujaziwa mshipi dukani bila kusimama na kutazama. Mashine ikiulaza kwa mwelekeo usio sahihi, unatoka na msokoto wa mita 150 nzima kabla hata ya kurusha mara moja, na baadaye utaambiwa hujui kuvua.

Kuijaza na kuitunza

Jaza mwenyewe. Funga kwanza mita chache za nailoni, kwa kuwa mshipi wa kusukwa huteleza kwenye alumini na kuzunguka wote kama pete. Laza bobini ya mshipi sakafuni, kibandiko kikitazama juu, ubane mshipi kwa vidole ukiwa na kitambaa chenye maji, zungusha mkono mara 20, kisha uulegeze. Ukijisokota, geuza bobini upande wa pili. Acha milimita 2 hadi 3 kutoka ukingoni mwa spuli; ukijaza hadi juu, vitanzi vinamwagika vyenyewe. Juu ya mshipi wa kusukwa wa paundi 10 unga mita 2 hadi 3 za fluorokaboni ya paundi 8. Ukivua kwa mnyoo ulioshikwa katikati, weka swiveli (kiungo kinachozunguka ili mshipi usijisokote) ndogo sentimita 45 hadi 60 juu ya ndoana.

Baada ya kurusha, funga waya kwa mkono, usiufunge kwa kuzungusha rili, kisha vuta mshipi mpaka ukaze kabla ya kuanza kukunja. Na samaki anapovuta breki, acha kuzungusha. Kwa giya ya 6 kwa 1, kila mzunguko wa mkono wakati breki inaachia unatia misokoto 6 kwenye mshipi. Mizunguko 10 ni misokoto 60, na hakuna kigurudumu duniani kinachoweza kuitoa.

Kigurudumu cha kawaida kinahitaji tone moja la oili nyepesi mara kwa mara, kamwe si grisi. Kukisafisha, fungua skrubu yake kwa bisibisi inayokaa sawasawa, panga vipande kwenye kitambaa cheupe kwa mfuatano wa kutoka, na upige picha, kwa sababu washa (vipete bapa) zake ni nyembamba na ikigeuzwa au kukosekana moja kigurudumu kinabana. Wakati wa kurudisha, kaza skrubu hadi ishike tu. Kwenye zile za bushi, kuikaza kupita kiasi kunakiminya kigurudumu, na kasoro inarudi siku hiyo hiyo. Malizia kwa jaribio la nukta.

Mshipi uliokwisha sokoteka unaweza kuokolewa: ondoa chambo na swiveli, achia mita 50 hadi 70 nyuma ya mtumbwi unaotembea taratibu, uache uburuzike dakika chache, kisha uukunje ukiwa umebanwa kwa vidole. Fluorokaboni ambayo tayari imechubuka haiokolewi. Pitisha kucha juu yake; ukisikia mikwaruzo, kata hadi ufike palipo laini.