Fundi aliyekuja Rongai kuninyooshea belti za bela ya duara: nampa nne kwa tano

Nimeamua kuandika hii kwa sababu wakati natafuta mtu wa kuniangalia belti za bela yangu (mashine ya kuvutwa na trekta, inayoviringisha nyasi kavu kwa belti zake kuwa marobota ya mviringo) sikupata mkulima hata mmoja wa kuniambia alihudumiwa vipi, ni "piga simu boss tutakusaidia" tu kila mahali. Jina la fundi siweki, mwenyewe alikataa, anasema kazi aliyonayo inamtosha. Ukiuliza wenye bela za duara kutoka Rongai mpaka Njoro, huku Nakuru, utaelekezwa tu.

Bela yangu ni ya mitumba, ilitoka Uingereza ikashukia Mombasa, ina belti sita. Niliitaka kwa sababu vijana wa kubeba yale marobota madogo ya mraba wamekuwa shida, na hii ya duara sifa yake tangu kampuni ya Vermeer waitoe kule Iowa, Marekani, mwaka 1971 ni mtu mmoja na trekta lake kumaliza shamba. Kumbe mtu mmoja na stress yake. Msimu huu kwenye nyasi zangu za Boma Rhodes, robota la kumi hivi, belti mbili za kushoto zikaanza kuhamia kulia, zikapandana, moja ikapinduka kabisa, na robota likatoka kama karoti, huku nene huku nyembamba. Nikaita fundi wa kwanza (siye huyu ninayemsifu), akafika na spana mkononi, akazungusha bolti za rola zinazobeba belti nusu raundi hapa robo raundi pale, akachukua elfu tano, na nusu saa baadaye belti zilikuwa zimehama zaidi ya mwanzo.

Sasa huyu wa pili. Alichelewa masaa matatu, nitarudi hapo. Lakini aliposhuka kwa pikipiki hakuuliza mashine iko wapi, aliuliza robota la mwisho liko wapi. Akalikanyaga, akalibonyeza kwa goti huku na huku, upande wa kushoto laini kama godoro, wa kulia mgumu. Akamwangalia dereva wangu akamuuliza, wewe unapenda kuendesha laini ya nyasi (ule mstari zilipokusanywa chini) ikiwa upande gani? Dereva kimya. Ndio tukajua nusu ya ugonjwa iko kwenye usukani, maana nyasi zikiingia upande mmoja tu robota linanenepa huko, na belti zinavutwa kutoka penye ulaini kwenda penye unene.

Halafu ndio akaja kwa mashine. Mlango wa nyuma juu, koki ya haidroliki ya kuufunga usishuke akaifunga kwa mkono wake, trekta likazimwa, ufunguo akautia mfukoni mwake. Dereva akacheka, yeye hakucheka. Ule mlango ukikushukia hakuna hospitali.

Karibu saa nzima ilikuwa kusafisha tu, yaani nyasi na vipande vya neti ya kufungia marobota vilivyojizungusha kwenye mwisho wa rola, na kumbe uchafu huo si mdogo, rola ikinenepa upande mmoja belti inakimbilia huko huko. Akashika kila rola akaizungusha kusikiliza beringi. Akapima kwa tepu kutoka rola hadi rola, kushoto na kulia, akakuta yule wa kwanza ameziacha zimepishana, akazirudisha sambamba. Akaangalia kama mlango unafunga sawa pande zote mbili, maana komeo la upande mmoja lisipokaa vizuri rola za nyuma zote zinakaa mshazari hata kama umezipanga vipi.

Lakini mchawi mwenyewe alikuwa kwingine. Alichomoa pini za viungio (yale meno ya chuma yanayoshikanisha ncha mbili za belti), tukatoa belti zote sita tukazilaza chini kwenye nyasi moja kando ya nyingine kama mikeka, na belti ya pili ilikuwa fupi kwa sentimita 9! Mtu huko nyuma aliikata alipoiunga akaona yatosha. Belti fupi ndio inabeba mzigo wote, zingine zinalegea, na iliyolegea inakwenda inakotaka. Na juu ya hapo kiungio chake kilikuwa kimekatwa mshazari. Akachora mstari wa choki katikati ya belti, akaweka skwea, akakata upya, akatia kipande cha kurefusha, meno mapya yakagongwa, na kona za kiungio akazipunguza kidogo zisinase ya jirani. Kipande nilikuwa nacho kwa bahati, ukimwita hakikisha na wewe unacho kwa sababu yeye habebi mali, na hilo ni kasoro, angeniambia kwa simu.

Tukawasha PTO (mhimili wa trekta unaozungusha bela) polepole, sisi wote tumesimama mbali. Robota la kwanza likatoka na tumbo kidogo, la tatu likatoka sawa. Dereva alifundishwa kujaza kushoto mita kadhaa halafu ahamie kulia, si kuyumbayumba kila sekunde kama mlevi.

Bei elfu nane pamoja na mafuta ya pikipiki, si rahisi, lakini ile elfu tano ya kwanza ndio iliniuma zaidi. Nyota moja naikata kwa masaa matatu ya kusubiri nyasi zikiwa zimelala chini na mawingu yanajikusanya upande wa Menengai, bila hata meseji bana.

Tangu hapo nimetoa marobota zaidi ya mia na hakuna belti iliyopinduka. Ile ya pili bado inaelea kulia kidogo bela ikiwa tupu, nikampigia, akasema niiache, ikishajaa nyasi inarudi yenyewe, nimwite tu siku nikiisikia inakwaruza ukuta.