Nimezunguka magrupu ya kushona nusu mwaka mzima, huu ndio mrejesho wangu

Nilinunua cherehani ya Butterfly iliyotumika, ile nyeusi ya kukanyaga, kwa jirani aliyekuwa anahama. Nia haikuwa biashara, mimi niko duka la dawa hapa Morogoro, nilitaka tu jioni nikitoka kazini nishone mabegi ya jinzi kuukuu na maturubai kwa raha zangu. Fundi wa mtaani kwetu mtu poa sana ila ukifika swali la tatu anaanza kuangalia saa, na simlaumu, ana sare za shule za watu zinamsubiri. Ndo nikaingia mtandaoni kutafuta wenzangu.

Nikaanza na WhatsApp kama kila mtu. Wiki ya kwanza niko magrupu manne, simu inalia kama kengele ya kanisa. Asubuhi maua na "muwe na siku njema wapendwa", mchana tangazo la mikopo, usiku picha za magauni ya harusi, na kuna grupu lilinizoea kwa jina la "dada" mpaka leo, nikachoka kusahihisha nikawa naitika tu. Nikauliza shida yangu: nikishona juu kunaonekana safi, nikigeuza kitambaa chini nyuzi zimejazana kama tambi. Nikapewa majibu kumi na moja, kati ya hayo badilisha bobini (kile kigurudumu kinachobeba uzi wa chini), hiyo mashine uza chuma chakavu, njoo inboksi tuongee bei. Mzee mmoja tu ndo alituma voisi ya dakika nne, na alikuwa anajua anachosema, lakini nilikuwa kazini sikuisikiliza muda ule, kurudi jioni imeshafukiwa na meseji mia tatu za watu wanapongezana birthday. Wiki mbili mbele akaja mwanachama mpya na swali lile lile, yule mzee akakaa kimya. Hata mimi ningekaa kimya.

Kuna grupu nililipia elfu kumi na tano, jina nalihifadhi, eti la VIP, unapewa paterni za mabegi, yaani michoro ya kukatia kitambaa. Nikapewa PDF, nikaenda steshenari nikaprinti, nikakata, nikashona, begi likatoka dogo hata daftari kubwa haliingii. Baadaye sana ndo nikajua kwamba paterni nzuri inakuwa na kimraba cha kupimia, unaprinti ukurasa huo mmoja kwanza unaweka rula, kikiwa pungufu ujue kompyuta imeipunguza paterni ili iingie kwenye karatasi. Ile yangu haikuwa na kimraba wala nini. Nikauliza vipimo kwa adabu kabisa, nikatolewa. Hela imeenda.

Jamii Forums nako nimepita, nimesoma uzi mmoja baada ya mwingine (uzi wa majadiliano jamani, sio wa kushonea), ila nyingi nilizokutana nazo zilikuwa za biashara, mtaji kiasi gani, mashine ipi inalipa. Kwa anayetaka kufungua ofisi kule kunamfaa, mimi nilikuwa nimekwama kwenye tambi. Kitu kimoja nilichokichukua kule ni lile neno lao, "leta mrejesho". Nikaanza kulitumia kupimia magrupu yote. Yaani kabla sijauliza chochote naingia sehemu ya kutafuta, naandika "zipu" au "mkanda", naangalia kama kuna mtu aliwahi kuuliza, akajibiwa, halafu AKARUDI kusema imekubali au imegoma. Kama hamna aliyerudi hata mmoja, natoka hapo hapo.

Kwa kipimo hicho magrupu mengi makubwa ya Facebook yalianguka. Picha nzuri, komenti zote "bei gani" na "unapatikana wapi", hakuna anayegeuza begi tuone ndani. Lakini huko huko nikapata kagrupu kadogo ka watu wa mabegi, admini wake mkali, ukiposti shida bila picha ya juu, picha ya chini, aina ya kitambaa na namba ya sindano anaifuta. Nikaona huyu anaringa. Kumbe zile picha mbili peke yake ni nusu ya jibu.

Hiyo niliielewa nilipojaribu Reddit, ule mtandao wa majadiliano wa Kiingereza, kwenye grupu lao la kushona, r/sewing. Kiingereza changu ni cha kuombea maji lakini nikaandika, nikaweka na picha. Wa kwanza kuja hakujibu, aliuliza: wakati unatunga uzi mguu wa cherehani (kile chuma kinachobana kitambaa chini ya sindano) ulikuwa umeinuliwa au umeshushwa? Nilikuwa naushusha, siku zote! Mguu ukiwa chini vile visahani vya kukaza uzi vimebana, uzi unapita juu yake badala ya kuingia katikati, kwa hiyo uzi wa juu unakuwa haujakazwa kabisa na unamwagika wote chini. Tambi ziko chini, kosa liko juu, na mimi nilikuwa nimenunua bobini tatu mpya. Mwingine akauliza sindano namba ngapi, nikasema 11, nadhani alicheka. Jinzi inataka 16, ile pakiti imeandikwa 100/16, na sokoni hapa ipo ya kumwaga, sikuwahi tu kujua niombe. Wa tatu akaniambia Butterfly yangu ni nakala ya Singer 15, modeli ya zamani ya Singer, kwa hiyo kitabu cha maelekezo cha Singer 15 kinanifaa, nikakipata bure, bobini ni zile zile na sindano zile zile.

Sio kwamba kule ni peponi. Wanakushauri vifaa vya dola arobaini kama vile Amazon iko Msamvu hapa mjini kwetu, na shemeji yangu anayeshona vizuri kuniliko hawezi kufuata kwa sababu ya lugha, inabidi nimtafsirie usiku tukiwa tunasubiri ugali.

Kwa sasa nimebaki na viwili, Reddit kwa shida za mashine na kale kagrupu ka Facebook kwa mabegi yenyewe na wapi turubai nzuri inapatikana. WhatsApp nimebakisha moja, kwa ajili ya yule mzee. Nilimfuata inboksi nikamwambia tatizo lilikuwa mguu, akanijibu kwa voisi tena, sekunde sita: "Si nilisema?"