Kulaza lifti isiyo na kazi: uzoefu wangu na huduma hii hapa Dodoma

Nasimamia jengo la ghorofa tano maeneo ya Area C, ofisi chini, vyumba vya kupangisha juu. Lifti ni moja, ya watu wanane, na ina submita yake, yaani mita ndogo inayopima umeme wa lifti peke yake. Wapangaji wetu wengi huenda na kalenda ya Bunge. Kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti likiendelea, lifti haipumziki. Wageni wakishaondoka, kuna siku inapanda na kushuka mara za kuhesabika, na bado submita inasonga. Ndiyo maana nilipopigiwa simu na kampuni inayotoa huduma ya kupunguza umeme wa lifti iliyosimama, sikukata.

Lifti ikisimama, mota haili kitu, na breki hujifunga kwa springi bila kuhitaji umeme. Wanaokula ni wengine: taa za ndani, feni, kontrola (ubongo wa lifti), inveta ya kuendeshea mota, transfoma, mota ya mlango, senso za mlango, na vioo vya namba kwenye kila ghorofa. Kila kimoja ni kidogo, ila havilali. Wati 100 zinazowaka mwaka mzima ni uniti 876. Kwa T1 tunayolipa sisi, yaani bei ya TANESCO ya matumizi ya kawaida, kama shilingi 356 kwa uniti ukishaweka kodi na tozo, hizo ni laki tatu na elfu kumi na mbili hivi. Na wati 100 si nyingi: mradi mmoja wa utafiti wa Ulaya uliokamilika mwaka 2010 ulikuta lifti zilizosimama zinakula kuanzia wati 15 hadi 710.

Yetu ilikuwa kwenye wati 260. Hapa niseme jambo kwa wanaotaka kupima wenyewe. Fundi wa kwanza alikuja na klampu mita, akashika waya, akazidisha ampea kwa volti, akanipa namba ya kutisha. Hesabu hiyo haifai kwa lifti iliyosimama, kwa sababu vifaa vya elektroniki havivuti umeme kwa mpangilio laini kama pasi au hita. Aminini submita: subirini lifti itulie, andikeni namba, rudini baada ya saa kadhaa ambazo hakuna aliyeipanda.

Kazi yenyewe ilikuwa ya awamu mbili. Awamu ya kwanza waliondoa tyubu nne za ndani wakaweka LED, kisha wakafunga taima inayozima taa na feni lifti ikikaa dakika chache bila kuitwa. Niliuliza kama kuzima taa ndani ya lifti kunaruhusiwa. Fundi akanieleza kwamba kanuni za Ulaya za usalama wa lifti, EN 81, zinaruhusu mradi lifti iwe imeegeshwa sawa na ghorofa na milango imefungwa. Ukibonyeza kitufe, taa inawaka kabla mlango haujafunguka. Nusu siku wakamaliza, na zaidi ya nusu ya akiba yote tuliyopata ilitoka hapo.

Awamu ya pili ilikuwa kulaza inveta na vioo vya namba. Inveta wameiwekea nusu saa, na nakubaliana nao. Ukiikata na kuiwasha kila baada ya dakika mbili, kapasita zake, vile vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme, zinajazwa upya kila mara na zinachakaa mapema. Akiba ya umeme ikiishia kununua inveta mpya itakuwa hasara. Kuamka kwake kunachukua sekunde chache, nasi tumeshazoea.

Ambacho hatukukizoea ni vioo vya namba. Walivizima kabisa. Asubuhi ya Jumatatu mama mmoja wa ghorofa ya nne akanipigia akihema.

"Mwanangu, lifti imekufa tena?"

"Hapana mama, imelala tu. Ukibonyeza inaamka."

"Imelala! Na mimi gunia la mchele nimeshalipandisha kwa ngazi na kijana wangu!"

Hakuwa peke yake. Kwa mtu wa kawaida kioo cheusi maana yake lifti mbovu. Mafundi walirudi wakaacha mshale mdogo uwake kwa mwanga hafifu, na malalamiko yakaisha. Jambo hilo walipaswa kulijua kabla yangu, wao ndio wenye kazi.

Tatizo jingine lilikuwa taima. Umeme ulipokatika na kurudi, ilisahau kila kitu na feni ikakesha. Wakabadilisha kwa ile yenye kumbukumbu, bila malipo, ingawa ilibidi nipige simu mpaka nikachoka.

Kabla ya huduma hii mlinzi alikuwa anazima meni swichi usiku. Fundi alituzuia, na kwa hili namshukuru kuliko kwa akiba. Ukikata umeme wote, kifaa cha uokoaji, kile kinachoifikisha lifti ghorofani kwa betri, hudhani umeme umekatika na kuanza kutumia betri. Ukifanya hivyo kila usiku betri inakufa, na siku umeme ukikatika kweli mtu akiwa ndani, hakuna wa kumshusha wala alamu ya kupiga. Lifti iliyolazwa vizuri inaacha chaja na alamu zikifanya kazi.

Sasa inakula wati 80 hivi ikiwa imelala. Kwa madaraja ya mwongozo wa Kijerumani wa VDI 4707, ambako A ndiyo inayokula kidogo zaidi, tumetoka D tukaingia B. Mwezi ambao Bunge halipo tunaokoa karibu elfu thelathini na tano. Mwezi wa Bunge ni kidogo zaidi, maana lifti hailali. Gharama yote ilikuwa laki sita na themanini, kwa hiyo haijarudi bado, ila inarudi.

Wakati wa kufunga mkataba walijaribu pia kuniuzia inveta inayorudisha umeme lifti inaposhuka ikiwa imejaa au kupanda ikiwa tupu. Nilikataa. Kifaa hicho kinalipa kwenye jengo refu lenye msururu wa watu kutwa nzima. Sisi wa ghorofa tano tunarudisha kidogo sana, na chenyewe kinakula umeme kikiwa kimesimama, ugonjwa uleule tuliokuwa tunautibu.

Nawapa nyota nne. Mwenye lifti mpya aombe kwanza fundi wake wa matengenezo aangalie mipangilio ya kontrola, kwa sababu nyingi zina uwezo wa kulala ila aliyezifunga hakuuwasha. Nyota ya tano nimeishikilia hadi waniletee karatasi ya mipangilio waliyoweka, muda wa taa, wa feni na wa inveta, ili fundi mwingine akija asianze kubahatisha. Wameniahidi tangu walipomaliza kazi.