Kifurushi cha Nane Nane cha Kwenda Shelisheli: Tathmini ya Wakala Mmoja wa Safari Mjini Kigoma

Kwa wakazi wa Kigoma wanaoanza likizo Nane Nane, wakala huyu huuza kifurushi kinachojumuisha tiketi za ndege kupitia Dar es Salaam, malazi na usafiri wa boti baina ya visiwa vya Shelisheli. Katika taratibu za ofisini sina lawama: malipo yalipokelewa kwa awamu, risiti zilitolewa bila kukumbushwa, na tulielezwa mapema kwamba nchi hiyo haidai viza kwa raia wa taifa lolote, ila kila msafiri lazima aombe kibali cha kuingia kwa njia ya mtandao.

Kasoro ilikuwa katika kalenda. Ratiba ilitupeleka kisiwa cha La Digue tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, ambayo kwetu ni siku ya kazi lakini Shelisheli ni mapumziko ya kitaifa na ndiyo sikukuu kuu ya kisiwa hicho, kwa kuwa watu humiminika kutoka Mahé na Praslin kwa ajili ya misa, maandamano ya kidini na muziki. Wakala hakuwa ametukatia nafasi kwenye boti, akidhani kwamba zinasubiri abiria kama daladala za Mwanga. Kutoka Praslin ni mwendo wa kama robo saa tu, lakini tulivuka alasiri, misa ikiwa imekwisha, na benki zilikuwa zimefungwa. Aidha, Agosti ni msimu wa kusi, na safari ya saa moja hivi kati ya Mahé na Praslin iliwatapisha hata wenzetu waliozoea mawimbi ya Ziwa Tanganyika. Kifurushi hakikugusia hilo.

Praslin yenyewe ilipangwa vizuri. Bonde la Vallée de Mai, lililo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1983, tulilitembelea asubuhi kabla ya umati, tukaiona minazi ya coco de mer, yenye mbegu kubwa kuliko zote duniani.

Anayefikiria kifurushi cha Juni aulize kwanza kuhusu tarehe 18, Siku ya Katiba, na 29, kumbukumbu ya uhuru wa 1976. Tiketi za ndege nitaendelea kuzinunua kwa wakala huyu. Za boti nitakata mwenyewe.