Nililipia mchoro wa nyaya za Land Rover yangu, nikapewa wa gari lingine

Kama una Land Rover ya zamani na mtu akakuelekeza kwenye gereji fulani ya umeme wa magari Kampala, ile inayojisifu kuchora upya nyaya za magari ambayo vitabu vyake vimeshapotea, soma hapa kwanza. Jina lao silitaji. Wakisoma watajijua.

Gari langu ni Series III, toleo la tatu la zile Land Rover za zamani, ya petroli. Kila fundi aliyewahi kuligusa aliongeza waya wake na kuuacha wa zamani ukining'inia, hadi chini ya deshibodi hujui upi una kazi na upi umekufa zamani. Nilitaka mambo mawili tu: nyaya zifungwe upya, na nipewe mchoro unaolingana na kilichomo ndani ya gari, ili likinigomea Nebbi au Koboko fundi yeyote aweze kulifuatilia. Tukakubaliana, tukaandikiana. Mchoro ulikuwa na bei yake peke yake, shilingi laki tatu na nusu, mbali na kazi ya nyaya. Nikalipa bila kubishana, kwa sababu kuchora nyaya za gari kama hili ni kazi ya akili na inastahili pesa.

Nilipokwenda kulichukua mvua zilikuwa zimeanza. Taa zinawaka, indiketa zinacheza, honi inalia. Mchoro nikakabidhiwa umefunikwa plastiki, unang'aa, nembo ya gereji juu kabisa. Nikashika njia ya kurudi nyumbani Arua.

Pakwach, jua linazama, askari wa darajani akanisimamisha. "Mzee, ukikanyaga breki taa zako ndogo za mbele zinawaka. Za nyuma sizioni." Taa nilikuwa sijawasha kabisa. Nikakanyaga tena huku nikitazama deshibodi, na kweli: vitaa vya mita vikaamka, hafifu, rangi ya chai ya rangi. Nikiacha breki, vinalala. Nikiweka indiketa ya kushoto, taa ndogo za nyuma zinapumua pamoja nayo. Yaani lori lililo nyuma yangu lisingejua kama nasimama au nakata kona.

Nikautoa ule mchoro wa plastiki nikaumulika kwa simu. Hapo ndipo damu ilipopanda. Mchoro una dinamo na kisanduku chake cha kudhibiti chaji, na betri imechorwa chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Series III ilipotoka mwaka 1971 ilikuja na altaneta ya kuchaji betri mahali pa dinamo, na hasi kwenye bodi. Chanya kwenye bodi ni mambo ya Land Rover za kabla ya hapo. Walichofanya ni kutoa kopi ya mchoro wa gari la zamani zaidi, wakabandika nembo yao juu, wakanitoza laki tatu na nusu. Fundi wa Nebbi akiufuata ule mchoro na kugeuza betri, altaneta inaungua papo hapo.

Na si hilo tu. Nikainama chini ya deshibodi: nyaya zote nyekundu. Zote! Waingereza walipolifunga gari hili waliweka rangi kwa utaratibu ambao ukishaushika huusahau. Kahawia ni moto, yaani umeme, unaotoka betri moja kwa moja. Nyeupe ni moto uliopita kwenye swichi ya funguo. Kijani ni huohuo ukishapita fyuzi. Kijani chenye mstari wa zambarau ni taa za breki. Nyekundu ni taa ndogo na za nyuma, buluu na nyeupe ni fulu, buluu na nyekundu ni dimu, nyeusi inarudi kwenye bodi. Mtu akijua hayo anaweza kufungua boneti gizani akiwa na testa ya balbu tu akajua pa kuanzia. Wao wamefuta lugha yote hiyo kwa rola moja la waya mwekundu wa bei ya chini. Na kumbuka kwamba taa kubwa za magari haya hazikupewa fyuzi tangu kiwandani. Waya wa aina hiyo ukichubuka kwenye ukingo wa chuma ni moshi, na mimi napakia watoto humo.

Nilipata nafasi nikarudi Kampala. Mwenye gereji alikuwa kaunta anahesabu pesa, hakuinua hata kichwa. Nikamwonyesha mchoro, nikamweleza habari ya breki. Akanijibu: "Mzee, unataka gari liwake au unataka kusoma?" Nikamuuliza kwa nini nyaya zote ni nyekundu. "Waya ni waya. Moto haujui rangi." Wateja wawili waliokuwa pale wakacheka. Nina mvi, nimelipa, nimetoka mwendo wa siku nzima, na hata kiti sikukaribishwa. Sisi huku hata mdai tunamkaribisha kiti kwanza.

Nilikuwa nafungua mlango wa gari niondoke, na hapa hadithi ingeishia, ila kijana mmoja wao, mwanafunzi wa kazi, alinifuata nje. "Shikamoo baba. Naomba niangalie nyuma dakika moja." Akachukua kipande cha waya, ncha moja akaishika kwenye hasi ya betri, nyingine akaigusisha kwenye bodi ya taa ya nyuma, akaniambia nikanyage breki. Taa ya breki ikawaka wazi, na vitaa vya deshibodi vikazimika saa ileile. Akafungua skrubu inayoshika waya mweusi pale nyuma: waliikaza juu ya rangi mpya, na chini ya rangi kuna ule unga mweupe wa aluminiamu. Bodi ya Land Rover hizi sehemu kubwa ni aluminiamu, chesisi ni chuma, na pale vinapokutana kutu ya namna hiyo haikosi. Moto wa breki ulikuwa umekosa njia ya kurudi, ukawa unapita kwenye uzi wa pili ndani ya balbu hiyohiyo, ule wa taa ndogo ya nyuma, na kutokea kwenye taa ndogo na deshibodi, unatafuta bodi mbele. Akakwangua hadi chuma kikang'aa, akavuta waya mpya moja kwa moja hadi chesisi. Kwisha.

Kisha akararua ubavu wa boksi la betri, akaketi chini kando ya gurudumu, akanichorea. Hakuchora gari zima lenye nyaya mia zinazopishana. Alichora safari moja moja. Ya breki: betri, swichi ya funguo, fyuzi, swichi ya pedali, taa, chesisi, betri. Ya indiketa peke yake. Ya chaji peke yake. Kando ya kila mstari akaandika rangi inayotakiwa, na kila kiungio akakipa namba. "Baba, usifuate waya, fuata moto. Uulize umetoka wapi, nani anaukata, nani anautumia, unarudi wapi." Miaka yote nimekuwa na gari hili sikuwahi kuelezwa umeme wake nikaelewa hivyo. Kwa saa ile moja, nakiri, ile laki tatu na nusu niliiona imerudi.

Kwa hiyo nilikuwa nimepanga kuandika: nendeni, ila mtafuteni yule kijana, na waya wa rangi zake nunueni wenyewe Kisekka, kwenye soko la vipuri, kabla hamjafika. Ningewapa nyota tatu.

Lakini mwenye gereji alitoka, akaliona lile boksi mikononi mwangu, akasema huo ni mchoro wa gereji na niulipie elfu hamsini. Mchoro wa kijana wake, kwenye takataka yake, wa kusahihisha uongo aliokwisha kuniuzia! Nikampa kijana pesa yake mkononi, mbele ya bosi wake, nikapanda gari. Baadaye nimesikia kijana hayupo tena pale. Sijui kama aliondoka au aliondolewa, na kila nikilifikiria naona nyota tatu ni ukarimu wa kijinga. Naacha moja, na hiyo ni yake, wao hawana chao.

Nyaya nyekundu nimeanza kuzitoa, safari moja baada ya nyingine kwa kulifuata lile boksi. Breki na chaji tayari, taa kubwa zinafuata. Mwenye Series III yuko Arua au karibu na anautaka mchoro, aje na karatasi anakili, bure. Na ukikutana na kijana fundi anayechora umeme kwa namna hiyo, nitumie ujumbe. Nina kazi yake, na kiti pia.