Mgebuka wa njia ya Kibirizi: nilisema "siyo mbaya", leo nasahihisha

Naanza na kosa langu mwenyewe. Wiki mbili zilizopita shemeji yangu alikuwa anakuja Kigoma na treni kutoka Tabora, akanitumia meseji, "shem vipi pale unapokulaga, nikishuka nipitie?" nami nikiwa kazini mikono imejaa nikajibu haraka "siyo mbaya". Basi. Akasoma akaona kama anayekula pale kila siku anasema siyo mbaya basi pana kasoro, akaingia sehemu nyingine akapewa wali wa bora liende, mchuzi maji matupu, samaki amekaangwa kwa mafuta ya juzi, kalipa elfu saba. Iliniuma sana, yani nimemponza yeye na mama wa watu anayepika pale nimemnyima mteja kwa maneno mawili tu.

Kibanda chenyewe kipo njia ya kwenda Kibirizi, mabati, mabenchi manne, bango hakuna. Mazingira ni ya kawaida na kawaida nasema kama ilivyo, meza inafutwa, maji ya kunawa ya vuguvugu yapo na sabuni ipo, lori likipita vumbi linaingia kidogo. Chai ya asubuhi na maandazi ni ya kuganga njaa, usitoke nyumbani kuifuata.

Ila mgebuka jamani, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika. Anamkausha kwanza kwa moto wa mbali ndo anamuunga na nyanya, kitunguu na mawese, mawese yenyewe mekundu yasiyochachuka, ugali wa muhogo laini unavutika, unamega unachovya mpaka unasahau simu inaita. Elfu nne na nusu. Hapa "siyo mbaya" haiwezi kukaa kabisa, ni mtamu, nami nilikuwa na haki ya kuandika mtamu nikaona uvivu.

Dagaa ndo wanaonifanya niwaze sana maneno. Wale wanavuliwa usiku kwa taa, sasa mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti, mitumbwi inapumzika, wabichi wanaadimika mjini na bei inapanda. Siku hizo mama hapandishi bei, anapunguza kipimo na anakwambia kabla hujakaa, "leo kidogo baba, mwezi umekaa vibaya". Unaletewa kisahani, unakula, mzee wa pembeni akiulizwa anasema si haba. Na hasemi kwa kulalamika, anamaanisha siyo kidogo kwa siku kama hii, anashukuru. Halafu wale wakavu ananunua wa kwenye kichanja, hanunui walioanikwa chini, kwa hiyo hutafuni mchanga hata siku moja, na mtu aliyewahi kutafuna mchanga kwenye dagaa anajua hilo siyo jambo dogo.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, mama akawa anapika maharage kwa mawese na mchicha pembeni. Watu tukawa tunasema afadhali. Na kweli ilikuwa afadhali, ila hilo neno haliwezi kusimama peke yake, lazima pembeni yake kuwe na kitu kibaya zaidi, kwetu ilikuwa kulala njaa au kununua nyama ambayo mfuko haujafika. Ziwa lilipofunguliwa hakuna aliyesema tena afadhali pale, tulirudi kwenye mgebuka wetu.

Huduma ntaipa inaridhisha, ile ile ya kwenye matokeo ya fomu foo, D. Binti anayehudumia ana heshima na anakumbuka nani hali pilipili, lakini saa saba watu wakijaa yuko peke yake, unasubiri nusu saa, wa nyuma yako anaweza kuhudumiwa kabla yako. Mama akiongeza mtu mmoja tu inapanda, na nimemwambia, akasema ataangalia.

Sasa pote kwa ujumla nipaiteje? Nimekaa nimefikiri na neno langu ni panatosha. Najua kuna watu wakisikia inatosha wanaona umebania sifa. Fundi akikushonea shati likakukaa mabegani sawasawa unasema limenitosha, na fundi anafurahi, maana halijabana wala halijapwaya. Mtu anakupakulia, unaweka mkono juu ya sahani unasema asante inatosha, hapo umeshiba na moyo umetulia. Ndo hivyo hivyo pale. Bei inanitosha, kipimo kinanitosha, utamu unanitosha, na sitamani kwenda hotelini kutafuta kingine.

Kwa anayetaka kwenda, fika kabla ya saa nane mchana maana mgebuka unaisha, na ukiukosa usilazimishe kuku, kuku wake ni mkavu. Jumapili hawafungui. Shemeji anarudi mwisho wa mwezi, safari hii nimempigia simu kabisa, nimemwambia ashuke na njaa.