Elizabeth Arden Green Tea kwenye joto la Dar

Nianze na linaloulizwa na kila mtu kuhusu Green Tea, manukato ya Elizabeth Arden: hapana, hainuki chai ya maziwa. Wala chai ya rangi. Ukiipuliza tu unapokewa na limau na nanaa, kali kidogo, hata unaweza kudhani umeuziwa sabuni ya vyombo. Subiri. Ule ukali wa limau ukishaondoka, inakuja harufu ya majani makavu, ile unayoisikia ukifungua pakiti mpya ya chai na maji bado hayajachemka. Hapo ndipo pesa yangu ilipokwenda, na sijuti.

Aliyeyatunga manukato haya ni Francis Kurkdjian, yakatoka 1999. Njia ya manukato ya chai ilishafunguliwa na mtunzi mwingine, Jean-Claude Ellena, mwaka 1992, alipowatengenezea kampuni ya Bvlgari manukato ya Eau Parfumée au Thé Vert baada ya kunusa makopo ya chai kwenye duka la Mariage Frères, Paris. Wala hakukamua majani. Alichukua Hedione, kemikali yenye harufu ya karibu na asumini, akaichanganya na ionone, yenye harufu ya ua la urujuani, na pua zikakubali kwamba ni chai. Nadhani ndiyo maana sisi wa pwani tunaielewa upesi. Asumini tumeizoea tangu enzi za vikuba vya bibi zetu.

Ukiniuliza ipi bora, nitakwambia ya Bvlgari. Imetulia zaidi, haina haraka. Ila bei yake inakufanya uhesabu kila ukibonyeza, wakati ya Arden unajimwagia bila huruma, na inabidi ujimwagie, maana manukato mepesi ya jamii hii huruka upesi kwenye joto. Ofisini nina kichupa kwenye droo. Baada ya adhuhuri narudia shingoni na kwenye viwiko, kwa ndani.

Shangazi yangu wa Tanga haitaki kabisa. "Mwanangu, umejipaka nini, mbona sisikii kitu?" Kwake marashi yasiyotangulia kuingia mlangoni ni maji tu. Namwelewa, na harusini siendi nayo. Huko ni udi na halud, basi. Lakini asubuhi ndani ya mwendokasi, watu wamebanana, madirisha hayatoshi, udi wa mmoja ni adhabu ya wote. Hii mtu haisikii mpaka akuinamie.

Siku hizi nachanganya udi na Green Tea. Usiku nafukiza nguo ya kesho kwa udi, kidogo tu, asubuhi napuliza Green Tea kwenye ngozi. Moshi uliobaki kwenye kitambaa unaipa ile chai uzito ambao chupa yenyewe haina. Mwenye kutaka moshi wa moja kwa moja atafute Tea for Two ya L'Artisan Parfumeur, kazi ya Olivia Giacobetti ya mwaka 2000: lapsang souchong, yaani chai ya Kichina inayokaushwa kwa moshi wa misonobari, pamoja na tangawizi, mdalasini na asali. Hiyo ndiyo inayokaribia chai ya tangawizi ya kwenye jiko la mkaa. Ni ya kipupwe, jioni. Mwezi wa pili mchana itakushinda.

Bandia za Green Tea zimejaa mitaani. Kabla ya kulipa omba upulizie mkononi, zunguka maduka mengine, kisha unuse tena. Ukikuta limau tupu bila majani, mwachie chupa yake.